Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Nauli Hubadilika Ukibadili Uwanja wa Kuondokea?

Barua za mwezi huu zimefanana kiasi cha kutulazimu kuziweka pamoja. Wasomaji wa Moshi, Mtwara, Leicester, Lubumbashi na Nairobi wanauliza, kila mmoja kwa namna yake, ni hesabu gani inayoifanya tiketi ya ndege iwe ghali ukiondokea uwanja mmoja na nafuu ukiondokea mwingine. Barua zenyewe tumezifupisha. Majibu tumeyaacha yawe marefu pale ambapo msomaji anaweza kupoteza fedha zake kwa kutojua.

Swali kutoka Moshi

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi, mwendo usiozidi saa moja kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Binti yetu anatarajia kujifungua huko London mwezi Agosti, na mimi na baba yake tunataka kwenda kumwona mjukuu na kurudi mwishoni mwa Septemba. Wakala wa tiketi alitupa nauli ya kutoka KIA, kisha akatuambia kwamba tukienda kupandia Nairobi tutaokoa zaidi ya dola 200 kila mmoja. Shirika ni lile lile na safari zote mbili zinapitia Addis Ababa, ambako tutapanda ndege moja na hao waliolipa kidogo. Je, tunaibiwa?"

Jibu

Hapana, mama, hamuibiwi, ingawa ukiitazama ile ndege moja inayotoka Addis Ababa ni vigumu kuona vinginevyo. Jambo la kwanza la kuliweka sawa ni kwamba shirika halikuuzii kiti cha kutoka KIA hadi Addis Ababa, kisha kingine cha kutoka Addis Ababa hadi London. Linakuuzia safari nzima ya Kilimanjaro hadi London, na safari hiyo ina wanunuzi wake na washindani wake, ambao sio wa safari ya Nairobi hadi London. Bei ya kila safari hupangwa peke yake, na umbali huchangia sehemu ndogo tu katika kupanga huko.

Mtazame abiria wa Nairobi. Yeye anaweza kwenda London moja kwa moja kwa British Airways au Kenya Airways, bila kushuka popote. Akikubali kubadilisha ndege njiani, yupo wa kumpeleka kupitia Amsterdam, Paris, Istanbul, Doha, Dubai au Kigali. Shirika linalotaka kumpitisha Addis Ababa linajua kwamba linamwomba akubali saa kadhaa za ziada na usumbufu wa kusubiri, kwa hiyo halina budi kumpunguzia. Abiria wa KIA hana ndege ya moja kwa moja ya kwenda London, na mashirika ya kumchukua hadi huko yanahesabika kwa vidole. Pasipo na mshindani wa kukimbilia, hakuna anayelazimika kupunguza.

Jambo la pili ni msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba viwanja vya kaskazini mwa Tanzania hupokea watalii wa Mlima Kilimanjaro na Serengeti, na watalii hao hurudi kwao wakitumia viti vile vile ambavyo ninyi mnavitaka kwenda navyo. Wengi wao walikata tiketi miezi mingi kabla. Wewe unapofika kwa wakala mwezi mmoja kabla ya safari ya Agosti, viti vya bei ya chini vimekwisha kuchukuliwa, na vilivyobaki ni vya ngazi ya juu zaidi ndani ya daraja lile lile la kawaida.

Hapa naomba uichukue tiketi au karatasi aliyokuchapishia wakala uitazame kwa karibu. Pembeni ya namba ya ndege na tarehe kuna herufi moja iliyosimama peke yake, kama vile Y, M, K au T. Hiyo si namba ya kiti, wala haihusiani na mahali utakapoketi. Ni ngazi ya nauli. Viti vya daraja la kawaida, vinavyofanana kwa kila hali, hugawanywa katika ngazi kama hizo, na kompyuta za shirika ndizo zinazoamua kila siku ni viti vingapi viachwe katika ngazi ya chini kwa abiria wa KIA, vingapi kwa wa Nairobi, na vingapi kwa wa Entebbe. Ustadi huu ulianzia Marekani. Mwaka 1978 sheria iliyaondoa mashirika ya nchi hiyo chini ya bei zilizopangwa na serikali, yakaibuka mashirika mapya ya nauli nafuu, na mwaka 1985 American Airlines ikajibu ushindani wa PEOPLExpress kwa kuuza baadhi tu ya viti vyake kwa bei ya chini sana, huku vingine ikivihifadhi kwa wafanyabiashara wanaonunua dakika za mwisho. PEOPLExpress haikufika mwisho wa muongo huo. Njia ile ikaenea dunia nzima, nayo ndiyo inayokupangia nauli hadi leo.

Huenda ukadhani tofauti inatokana na kodi za serikali. Sivyo. Ada ya huduma kwa abiria wa kimataifa anayeondokea Tanzania ni dola 40, na Kenya ni dola 50, kwa hiyo kwa upande wa ada hiyo Nairobi ndiyo iliyo ghali. Kodi ya Uingereza mtakayotozwa mnaporudi kutoka London, nitakayoieleza hapa chini, ni ile ile iwe mlianzia KIA au Nairobi.

Sasa, je, mwende Nairobi? Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 270, na mabasi madogo yanayopita Namanga ni ya kila siku. Lakini hesabu ya dola 200 haijakamilika mpaka utoe nauli ya basi kwa kwenda na kurudi, malazi ya Nairobi iwapo ndege inaondoka usiku au inatua usiku, chakula, na teksi kutoka kituo cha basi hadi uwanjani. Hakikisheni pia kadi za chanjo ya homa ya manjano zipo, kwa maana mtavuka mpaka mara mbili. Basi likikwama njiani, shirika la ndege halitawasubiri wala halitawajibika, kwa sababu kwa upande wao safari yenu inaanzia Nairobi.

Ningekuwa mimi, kwa watu wawili wa umri wenu na mizigo ya mjukuu, nisingeikimbilia Nairobi kwa tofauti ya dola 200. Kabla ya kuamua, mwombeni wakala awape bei nyingine mbili ambazo mara nyingi husahaulika. Ya kwanza ni ya siku nyingine za juma hilo hilo, kwa sababu kusogeza safari kutoka Jumamosi hadi Jumanne kunaweza kukurudisha kwenye ngazi ya chini ya nauli. Ya pili ni ya kuondokea KIA na kurudia Dar es Salaam, au kinyume chake, ndani ya tiketi moja. Tiketi ya namna hiyo kwa kawaida hukokotolewa kwa kuchukua nusu ya nauli ya uwanja mmoja na nusu ya nauli ya uwanja mwingine, haihesabiwi kama tiketi mbili za kwenda tu, ambazo huwa ghali. Dar es Salaam ina mashirika mengi kuliko KIA, na kutoka Dar hadi Moshi mnaweza kurudi kwa basi mkiwa nyumbani kwenu tayari, bila mpaka wa kuvuka.

Tena msishangae mkiambiwa ndege ya kutoka KIA inakwenda kwanza Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ndege ya KLM kutoka Amsterdam imekuwa ikitua Kilimanjaro, kisha Dar es Salaam, halafu inarudi Ulaya moja kwa moja kutoka Dar. Anayepandia KIA hukaa hewani muda mrefu kuliko anayepandia Dar, na hilo peke yake halimpi haki ya kulipa zaidi wala kulipa kidogo.

Swali kutoka Mtwara

"Nauli ya Dar es Salaam hadi Mtwara mara nyingi naiona inakaribia ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na wakati mwingine inaipita, ilhali Mwanza ni mbali karibu mara mbili. Kwa nini watu wa Kusini tunaumizwa?"

Jibu

Ada ya abiria wa ndani ni shilingi 10,000 mahali popote nchini, kwa hiyo chanzo si ada hiyo. Chanzo ni wingi wa abiria, ukubwa wa ndege, na kama kuna shirika la pili linalowania abiria wale wale.

Njia ya Mwanza ina safari nyingi kwa siku, na shirika linaweza kupeleka Airbus A220 ya Air Tanzania yenye viti 132. Gharama ya rubani, ya kutua na ya kuhudumia ndege uwanjani hugawanywa kwa watu wengi. Ndege ya mapangaboi yenye viti 70 au 76 hugawanya gharama zinazokaribiana na hizo kwa watu wachache, na njia yenye safari chache kwa wiki haimpi abiria nafasi ya kusema ataondoka na ndege ya jioni iliyo rahisi. Kwa Mtwara kuna jambo jingine: sehemu kubwa ya abiria wake ni watu wa gesi, wa korosho na wa ofisi za serikali, ambao nauli zao hulipwa na mwajiri. Shirika likijua kwamba wengi waliomo hawalipi kutoka mfukoni mwao, halina sababu ya kushusha bei.

Kwamba ushindani ndio ufunguo, Tanzania ililiona kwa macho. Mwezi Novemba 2012 Fastjet ilianza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli zilizoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawajawahi kufikiria kupanda ndege wakaacha basi. Wamarekani walikwisha kuliona hilo kwao: mwaka 1993 Wizara ya Usafirishaji ya nchi hiyo iliipa hali hiyo jina la "athari ya Southwest", kwa kulifuata shirika la Southwest, ambalo kila lilipoingia uwanja mpya, nauli za uwanja huo zilishuka, hata za mashirika mengine, na abiria wakaongezeka. Fastjet ilisitisha safari zake Tanzania mwishoni mwa 2018. Mtwara haikuwa miongoni mwa njia mbili ilizoanzia, na kama watu wa Kusini wana dai la kulipeleka kwa wawakilishi wao, ningelielekeza hapo: shirika la pili linalopangiwa Mtwara litashusha nauli haraka kuliko agizo lolote la kutaka bei zipunguzwe.

Swali kutoka Leicester, Uingereza

"Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na kila baada ya miaka miwili tunarudi Zanzibar, mimi, mke wangu na watoto wetu wanne wenye umri wa miaka 17, 14, 11 na 8. Naona nauli za Birmingham, Manchester na Heathrow zinatofautiana sana. Jamaa yangu anasisitiza kwamba nisiondokee Uingereza kabisa, bali ninunue tiketi rahisi hadi Amsterdam na kuanzia huko, kwa sababu kodi ya Uingereza ni kubwa mno. Wengine wanataja Dublin. Nani anasema kweli?"

Jibu

Jamaa yako anasema kweli kuhusu ukubwa wa kodi, lakini amekosea kuhusu familia yako, na nitakuonyesha kwa tarakimu.

Uingereza ilianzisha kodi ya abiria wa anga mwaka 1994. Inatozwa kwa kuondokea, na kiwango chake hutegemea umbali kati ya London na mji mkuu wa nchi unayokwenda. Tanzania na Kenya zimo katika kundi la maili 2,001 hadi 5,500. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 abiria wa daraja la chini kabisa katika kundi hilo alitozwa pauni 90, na kuanzia Aprili 2026 kiwango ni pauni 102. Madaraja ya juu hutozwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na hata lile daraja la kati lenye nafasi ya miguu iliyoongezwa kidogo linahesabiwa la juu. Tangu Machi 2016 mtoto wa chini ya miaka 16 anayekaa daraja la kawaida hatozwi kabisa. Kwa hiyo kati yenu sita ni watatu tu wanaolipa, jumla pauni 306. Umri wa watoto ujazwe sawasawa wakati wa kukata tiketi, kisha angalia katika mchanganuo wa kodi: kodi hiyo huandikwa kwa alama ya GB, na majina ya watoto watatu wadogo hayapaswi kuwa nayo.

Kodi hii ni sawa kwa Heathrow, Birmingham na Manchester, hivyo haiwezi kuwa sababu ya tofauti unayoiona kati ya viwanja hivyo vitatu. Sababu ni ile niliyomweleza mama wa Moshi. Heathrow hutoza mashirika ada kubwa, lakini idadi ya mashirika yanayompigania abiria wa Afrika Mashariki huivuta nauli chini. Birmingham na Manchester ni njia za mashirika machache, ambayo yanajua kuwa utalipa zaidi kidogo ili usibebe watoto na masanduku hadi London. Siku ambazo moja ya mashirika hayo lina viti vingi vitupu, mambo hugeuka, na ndiyo maana hakuna uwanja mmoja ninaoweza kukuambia ndio wa bei nafuu daima.

Sasa tuje Amsterdam. Uholanzi nayo ina historia na jambo hili. Tarehe 1 Julai 2008 iliweka kodi ya yuro 11.25 kwa safari za karibu na yuro 45 kwa safari za mbali, na Waholanzi wengi wakaanza kuvuka mpaka kwenda kupandia ndege Düsseldorf, Weeze na Brussels. Baada ya mwaka mmoja serikali iliishusha kodi hiyo hadi sifuri. Ilirudi kwa sura nyingine Januari 2021, na mwaka 2025 ilikuwa yuro 29.40 kwa kila abiria anayeanza safari Uholanzi, mtoto naye akiwemo, isipokuwa wa chini ya miaka miwili.

Piga hesabu. Mkienda Amsterdam kwa tiketi ya peke yake, Uingereza itawatoza watatu pauni 15 kila mmoja badala ya 102, kwa hiyo mtakuwa mmeokoa pauni 261. Kutoka Amsterdam kwenda Zanzibar mtalipa kodi ya Uholanzi watu sita, kwa kiwango cha 2025 yuro 176.40. Mkirudi, tiketi ya Amsterdam hadi Birmingham ikiwa ni ya peke yake, mtaanza safari mpya Uholanzi na kulipa tena yuro 176.40. Jumla imepita yuro 350, yaani mmeshatoa zaidi ya mlichookoa, kabla hata ya kununua zile tiketi za Birmingham hadi Amsterdam na kulipia mabegi. Kwa kijana anayesafiri peke yake na begi la mgongoni hesabu inaweza kutoka tofauti. Kwa baba wa watoto watatu walio chini ya miaka 16, msamaha wa kodi alionao Uingereza hauna mfano wake Uholanzi.

Dublin, mji mkuu wa Ireland, haina kodi ya namna hii tangu Aprili 2014, na abiria anayeanzia huko kwa tiketi moja, akabadilisha ndege London ndani ya saa 24, hatozwi kodi ya Uingereza. Hiyo ni kweli. Lakini Ireland ina uhamiaji wake. Kama mmoja wenu bado anatumia pasipoti ya Tanzania au Kenya, kibali chake cha kuishi Uingereza si ruhusa ya kuingia Ireland, na ada ya viza pamoja na muda wa kuisubiri vitaila ile faida. Ireland ya Kaskazini iliondoa kodi hii mwaka 2013 kwa ndege za masafa marefu zinazotoka huko moja kwa moja, lakini ukiondoka Belfast ukabadilisha ndege London kwenda Afrika, msamaha huo haukuhusu.

Ambapo ningekushauri utafute ni upande wa kufikia. Linganisha nauli ya kwenda Zanzibar na ya kwenda Dar es Salaam kutoka Birmingham. Boti ya Dar hadi Unguja huchukua saa mbili hivi, na kwa watu sita tofauti ya nauli inaweza kuwa kubwa kuliko yote tuliyoyahesabu hapa. Ndege ikitua usiku, ongeza gharama ya kulala Dar hadi boti ya asubuhi.

Swali kutoka Lubumbashi

"Wenzetu wengi wanavuka Kasumbalesa kwenda kupandia ndege Ndola, Zambia. Bei zinazoonekana kwenye simu hazitofautiani sana na za Lubumbashi. Wanafuata nini?"

Jibu

Bei ya kwenye simu haina kila kitu. Congo ilianzisha ada ya abiria iitwayo Go-Pass mwaka 2009, kwa dola 50 kwa safari ya nje na dola 10 kwa safari ya ndani, ili kugharamia ukarabati wa viwanja, na abiria ameizoea kama malipo ya dirishani uwanjani, nje ya tiketi. Katika nchi nyingi ada kama hiyo imo ndani ya tiketi, kwa hiyo ukilinganisha bei mbili kwenye simu unalinganisha kitu kamili na kitu nusu. Ndola ilifungua uwanja mpya mwaka 2021, na mashirika kama Ethiopian yanakwenda miji yote miwili, kwa hiyo wakati fulani nauli yenyewe nayo hupungua. Ongeza Go-Pass kwenye bei ya Lubumbashi, ongeza gari, taratibu za uhamiaji na foleni ya malori ya Kasumbalesa kwenye bei ya Ndola, kisha ndipo uamue. Mpaka huo ukikwama, hukwama kwa saa nyingi, na ndege haisubiri. Asiyeweza kulala Ndola usiku wa kuamkia safari asijaribu.

Swali kutoka Nairobi

"Nilikutana na abiria aliyetoka Entebbe, akabadilisha ndege hapa JKIA, tukaenda naye Paris kwa ndege moja ya moja kwa moja. Yeye alisafiri mbali zaidi na akalipa kidogo kuliko mimi niliyepandia nyumbani. Je, naweza kununua tiketi ya Entebbe hadi Paris na kupandia tu hapa Nairobi? Na kurudi nishukie Nairobi niiache sehemu ya mwisho?"

Jibu

La kwanza haliwezekani, na nakusihi usilijaribu. Tiketi ni mfululizo, na sehemu zake hutumiwa kwa mpangilio zilivyoandikwa. Usipoonekana Entebbe, mfumo wa shirika utakuhesabu kuwa hukufika na utazifuta sehemu zote zilizobaki, za kwenda na za kurudi. Utafika JKIA na karatasi yenye jina lako, uambiwe huna safari, na kurejeshewa fedha kwa tiketi ya bei nafuu ni nadra.

Kuhusu kwa nini mwenzako alilipa kidogo: kwako Nairobi, shirika lina kitu ambacho wengine wengi hawana, nacho ni ndege isiyosimama njiani, na linakutoza kwa ajili ya hicho. Kwa mtu wa Entebbe, Nairobi ni kituo cha kubadilishia kama vilivyo Addis Ababa, Kigali, Doha au Brussels, na yeye huchagua kwa bei. Shirika linampunguzia ili asiende kwa mwingine. Hali hii hutokea karibu kila mahali penye shirika kubwa lenye kitovu chake. Huko Marekani, watu wa Cincinnati, enzi uwanja wao ulipokuwa kitovu kikubwa cha Delta, walizoea kuendesha gari hadi Dayton au Louisville kutafuta nauli nafuu.

Kuacha sehemu ya mwisho ya kurudi ni jambo jingine. Kimwili unaweza kutoka nje ya uwanja Nairobi, lakini begi uliloliingiza tumboni mwa ndege limeandikiwa Entebbe na litakwenda Entebbe. Ndege ikighairiwa, shirika lina haki ya kukupeleka Entebbe kwa njia nyingine isiyopita Nairobi. Na masharti mengi ya usafiri yanakataza jambo hili. Lufthansa iliwahi kumshitaki abiria aliyenunua tiketi ya Oslo hadi Seattle kupitia Frankfurt, akarudi hadi Frankfurt na kuiacha sehemu ya Oslo, ikidai tofauti ya nauli ya zaidi ya yuro 2,000. Mahakama ya Berlin ililikataa dai hilo Desemba 2018. Sikuelezi haya ili kukutia moyo. Yule alishinda mbele ya hakimu wa Ujerumani, baada ya kesi, na masharti ya tiketi yako yatasomwa na mahakama nyingine.

Iwapo ratiba yako inakuruhusu saa chache za ziada, igeuze hali ile ile iwe faida yako. Mashirika yanayopitia Addis Ababa na Cairo yanakutazama wewe wa Nairobi kama ambavyo shirika la Nairobi linamtazama mtu wa Entebbe, na RwandAir, iliyoanza safari za Kigali hadi Paris mwaka 2023, imo katika kundi hilo. Omba bei za kupitia miji hiyo mitatu kwa tarehe zako, katika tiketi moja yenye begi lililoandikiwa hadi Paris, uziweke kando ya bei ya ndege ya moja kwa moja, na umwombe wakala akuonyeshe nauli na kodi kila moja kwa mstari wake.